South Carolina bila Kitts wala Watkins: chini ya ringi tunabaki na nani?

BabaKikapu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Habari ya Chloe Kitts, fowadi wa timu yetu ya kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, mmeshaipata. Kano ya goti la kulia imekatika mazoezini mwanzoni mwa Oktoba 2025, na msimu wake wa 2025/26 umeisha kabla haujaanza. Tangu siku ile kila ninapopita nakuta watu wameandika "kocha Dawn Staley ana benchi refu, atapanga tu". Haya, tuhesabu pamoja, maana mimi kila nikihesabu napata jibu dogo.

Msimu uliopita mbele tulikuwa na Kitts, Sania Feagin, Joyce Edwards, na Ashlyn Watkins hadi alipoumia goti Januari 5. Feagin kamaliza chuo, Los Angeles Sparks wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, wamemchukua duru ya pili. Watkins alitangaza katikati ya mwaka kwamba msimu huu anakaa nje, anataka kurudi 2026/27. Kitts ndiyo huyo tena. Kati ya wanne amebaki Edwards peke yake, na ndiyo kwanza anaingia mwaka wa pili.

Wa kumsaidia ni nani? Madina Okot, Mkenya, futi 6 na inchi 6, tuliyemtoa Mississippi State. Adhel Tac, futi 6 na inchi 5, aliyefika chuoni akiwa bado anauguza mguu na mwaka wa kwanza akapata dakika za kuokoteza. Maryam Dauda, futi 6 na inchi 4, alitoka Arkansas, na anapenda kupiga kutoka nje kuliko kugombana chini. Basi.

Kwa hiyo wanaolia urefu mimi siwaelewi. Urefu upo wa kutosha. Kinachokosekana ni watu. Kwenye mechi za vyuo ukifika faulo tano unakaa nje, na senta mgeni kwenye mfumo mpya ndiye anayezikusanya haraka kuliko wote. Okot akipata ya pili robo ya kwanza haijaisha, nani anaingia? Jibu la wengi ni "Joyce atashuka nafasi ya tano", yaani ya senta, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Edwards aliongoza timu kwa kufunga akiwa mwaka wa kwanza, pointi 12.7 kwa mechi, tena mara nyingi akitokea benchi. Zile pointi alizipata kwa kulitazama ringi: anapokea kwenye kona ya juu ya boksi lililo mbele ya ringi, senta mzito anamfuata, anampita. Ukimpeleka agongane migongo na watu wa futi 6 na inchi 7, utakuwa umepoteza senta na fowadi kwa mpigo mmoja.

Semeni.

---

Mwana_Mumias

Kwanza kabla ya kuanza kulia, tumpe msichana wetu heshima yake. Okot ni wa Mumias, akacheza Zetech hapa Nairobi, akaenda Mississippi State na msimu wake wa kwanza kwenye SEC, ligi ya vyuo tunayocheza nao, akamaliza na pointi 11 na ribaundi (mipira inayookotwa baada ya mtupo kukosa) karibu 10 kwa mechi. SEC, wasee! Hiyo si ligi ya kujaribia viatu. Kitts mwenyewe, nyota wenu, alikuwa na pointi 10 na ribaundi karibu 8. Sasa mnaniambia safu ya mbele imekufa?

BabaKikapu nakuheshimu, lakini wewe unaongea kama Okot ni mchezaji wa kuazimwa. Huyu ndiye senta namba moja. Wacha wengine wajipange nyuma yake.

---

Mzawa wa Kinondoni

Hahaha Wakenya mmeshafika. Karibuni, njia hiyo sisi tulishaipita zamani. Hasheem Thabeet alitoka Dar, akaanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn), akawa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mara mbili mfululizo, 2009 Memphis wa NBA wakamchukua namba mbili. Kwa hiyo hadithi ya mtoto mrefu wa Afrika Mashariki aliyeanza mpira kwa kuchelewa tunaijua kwa kichwa.

Na kwa sababu tunaijua, niwape na ukurasa wake mbaya. Februari 2009, mechi dhidi ya Pittsburgh. Yule DeJuan Blair wao alikuwa mfupi kuliko Thabeet kwa zaidi ya nusu futi, lakini mpana. Alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet pointi 5, ribaundi 4. Kuna ile picha amebebwa begani kama gunia la mkaa na kutupwa sakafuni. Urefu wote ule na haukumsaidia, maana Blair alishamaliza kazi miguuni kabla mpira haujagonga ringi.

Swali langu kwa Mwana_Mumias ni hilo tu. Okot ana miguu ya kumzuia mtu mpana?

---

Mwana_Mumias

Mkuu wa Kinondoni, ribaundi karibu 10 kwa mechi huokoti kwa shingo pekee.

---

Kocha Lake Zone

Naomba nichangie kama mwalimu, maana nafundisha timu ya wasichana shuleni huku Mwanza na masenta wangu ndio wanaonizeesha.

Mwanzisha uzi amegusa penyewe, ila niongeze jinsi faulo hizo zinavyotokea. Watu hudhani senta anapata faulo akizuia mtu anayefunga. Hizo ni chache. Nyingi zinakuja kwa aina tatu. Ya kwanza, amekosa ribaundi halafu kwa hasira anashusha mkono kwa aliyeipata. Faulo ya kijinga, futi ishirini kutoka popote penye hatari. Ya pili, ametoka mbali na ringi kumzuia gadi kwenye skrini (mchezaji anaposimama kumziba mkabaji wa mwenzake), gadi anamzunguka, nyonga inabaki njiani. Ya tatu, anaruka akidanganywa, na mikono inateremka kabla miguu haijagusa chini. Refa hata asipoona mguso, akiona mikono inashuka anapuliza.

Mimi huwa nawapa mpira wa tenisi kila mkono, wakabe hivyo hivyo. Ukiwa umeshika kitu huwezi kunyakua wala kupiga kofi, inakubidi utumie kifua na miguu. Siku ya kwanza wanalia. Baada ya muda unaona mtu anasimama wima, mikono juu, anaacha mpinzani amgonge yeye.

Na msisahau hesabu ya timu. Kikapu cha wanawake vyuoni Marekani ni robo nne za dakika kumi, na faulo ya tano ya timu ndani ya robo inampa mpinzani mitupo miwili. Kwa hiyo senta mzembe hajiumizi peke yake. Anawafungulia benki wapinzani wote hadi robo iishe.

Sina wasiwasi na kipaji cha Okot. Ila Mississippi State alikuwa anakaa zaidi karibu na ringi. Staley huwataka masenta wake watoke, wazungumze, wabadilishane watu. Huko juu ndiko faulo aina ya pili zinakozaliwa.

---

DadaCarolina

Salamu kutoka Columbia. Mimi ni muuguzi hapa, na Colonial Life Arena, uwanja wetu, naingia nikipata nafasi ya zamu. Kelele za humo ukiwa mgeni unaweza kudhani ni Simba na Yanga.

Nawaombeni mpunguze presha. Hili lilishatokea. Mwaka 2017 Alaina Coates, senta wetu, aliumia kifundo cha mguu na hakucheza hata mechi moja ya mashindano ya taifa. Watu walishaandika tanzia. Staley akaweka magadi wanne wa kukimbia, Ty Harris, Bianca Cuevas-Moore, Allisha Gray, Kaela Davis, na A'ja Wilson peke yake chini. Fainali ilikuwa Dallas dhidi ya Mississippi State, waliokuwa wametoka kumaliza ule mlolongo wa UConn wa ushindi 111. Walikuwa na Teaira McCowan, futi 6 na inchi 7. Tukashinda 67-55, na hilo ndilo lilikuwa kombe la kwanza kabisa la taifa la timu yetu hii.

Msimu huu magadi tunao kuliko hata 2017. Raven Johnson karudi, Tessa Johnson yupo, na Ta'Niya Latson aliyekuja kutoka Florida State ndiye aliyeongoza nchi nzima kwa kufunga, pointi 25.2 kwa mechi. Tukimbie tu. Senta wa futi 6 na inchi 7 hachezi dakika 40 akifukuzana na Raven.

---

BabaKikapu

Dada, 2017 ni mfano mzuri lakini umeupitisha haraka pale penye "A'ja Wilson peke yake". Yule si "peke yake" ya kawaida. Alifunga 23 kwenye fainali hiyo. Ukiwa na A'ja chini unaweza kuweka hata makarani wa chuo kwenye nafasi nne zilizobaki. Edwards nampenda, lakini kumvalisha kanzu ya A'ja mwaka wa pili ni kumwonea.

---

DadaCarolina

Makarani wa chuo umewaonea wewe. Gray ni bingwa wa Olimpiki sasa.

---

Jicho la Tatu

Tuache historia, tutazame ratiba. Nani tunakutana naye msimu huu chini ya ringi?

UCLA wana Lauren Betts, futi 6 na inchi 7. Novemba 2024 walitukatia mfululizo wa ushindi 43, 77-62, Betts akaondoka na ribaundi 14. Na hapo tulikuwa na Kitts, Feagin na Watkins wote wazima! Texas wana Kyla Oldacre, futi 6 na inchi 6, na wameongeza Breya Cunningham kutoka Arizona. Oklahoma wana Raegan Beers, kipande cha mtu. LSU wamemchukua Kate Koval kutoka Notre Dame, na MiLaysia Fulwiley wetu kaenda huko huko kuwapa pasi (hili bado linaniuma, tusilifungue).

Halafu UConn. Ile fainali ya Tampa, 82-59, watu wanakumbuka Paige Bueckers wao kulia na kukumbatiana na kocha wake Geno. Mimi nakumbuka Sarah Strong, binti wa mwaka wa kwanza, pointi 24 na ribaundi 15. Tena si mrefu, futi 6 na inchi 2. Alitukung'uta kwa akili na kwa kiuno. Anayesema tatizo letu litaisha kwa sababu tumeleta mtu wa 6 na 6, arudie kuitazama mechi ile. Strong hakuzidiwa urefu ndipo akashindwa. Alizidiwa na akashinda.

Novemba mwishoni tunaenda Las Vegas kwenye yale mashindano ya timu nne: sisi, Duke, Texas, UCLA. Mechi mbili siku mbili mfululizo. Hapo ndipo nitajua kama masenta wawili na nusu wanatosha.

---

Kocha Lake Zone

Siku mbili mfululizo ndiyo jambo lenyewe. Senta huchoka tofauti na gadi. Gadi akichoka anakosa mitupo. Senta akichoka anaacha kuruka na kuanza kushika. Faulo zote za robo ya nne ni uchovu wa robo ya tatu.

---

mtoto_wa_Majengo

Mimi swali dogo wazee wangu. Kwa nini Staley asisajili mtu mwingine sasa hivi? Si soko la uhamisho lipo wazi kila mwaka?

---

Jicho la Tatu

Soko lilifungwa zamani mdogo wangu, wenye uwezo wote walishapata vyuo na masomo yalianza Agosti. Njia iliyobaki ni kumleta mtu kutoka nje ya Marekani katikati ya msimu, mtoto wa klabu za Ulaya kwa mfano, na huyo naye akifika Januari atahitaji hadi Machi ndipo ajue mipango ya timu uwanjani. Staley akipata sawa, lakini huwezi kupanga msimu kwa kutegemea uwanja wa ndege.

---

Mwana_Mumias

Kuna kitu hakuna aliyekigusa. Mnamzungumzia Okot kama mlinzi wa ringi tu. Je, akiwa tunashambulia? Latson ni mtu wa kuingia ndani. Kule Florida State njia ilikuwa yake. Sasa ukiwa na senta wa 6 na 6 amesimama katikati ya boksi, na mkabaji wake amesimama naye, Latson anaingia wapi? Mimi nataka Madina apate mpira, lakini pia sitaki wamfanye nguzo ya kugongwa.

---

Kocha Lake Zone

Hilo ni swali la kikapu sasa, asante. Latson akiingia kutoka kulia, Okot ateleze kushoto hadi karibu na mstari wa mwisho, hatua mbili kutoka ringi, viganja juu, asubiri. Mkabaji wake akitoka kumzuia Latson, mpira unarushwa juu na Okot anamalizia bila kudunda hata mara moja. Mkabaji akibaki, Latson anafunga. Makosa ya masenta vijana ni mawili: wanachelewa kuteleza, au wakipokea wanateremsha mpira kiunoni kwanza. Ukiuteremsha, gadi wa futi 5 na inchi 6 anakunyang'anya na urefu wako wote unabaki pambo.

Na Dauda hapo ndipo anapopata kazi. Akiwa uwanjani badala ya Okot, anasimama nje kwenye mstari wa tatu, senta wa mpinzani analazimika kumfuata, boksi lote linabaki tupu kwa Latson na Edwards. Dakika nane, kumi za namna hiyo kila mechi ni mali. Ila ulinzi wakati huo utavuja, lazima ukubali.

---

BabaKikapu

Kocha umenipunguzia homa kidogo. Ila hapo kwenye "ulinzi utavuja" ndipo Tac anapoingia kwenye hesabu yangu, na nashangaa uzi wote huu kataja mtu mmoja tu jina lake, nami ndiye huyo.

Kila mtu anabishana Okot na Edwards. Hao wawili watacheza na watacheza vizuri, hilo mimi sibishi. Msimu huu utaamuliwa na dakika kumi na mbili za Tac. Sihitaji afunge. Nahitaji aingie Okot akiwa na faulo mbili, asimame mbele ya Betts au Oldacre au Beers, achukue faulo zake tatu za heshima, akae, na Edwards abaki nafasi ya nne, ya fowadi, muda wote huo akifanya anachokijua. Mara ya mwisho tulipochukua kombe, 2024, mechi 38 bila kupoteza, kila mtu anamtaja senta wetu wa wakati huo, Kamilla Cardoso. Nusu fainali dhidi ya NC State, Watkins alitokea benchi akadaka ribaundi 20. Ishirini, kutoka benchi! Hatuna mtu wa namna hiyo mwaka huu, na Tac si Watkins. Lakini hata robo yake ingetosha.

---

Mzawa wa Kinondoni

Kwa hiyo baada ya kurasa zote hizi matumaini ya timu kubwa kuliko zote Marekani ni mchezaji wa tatu wa akiba ambaye hatujamwona akicheza robo nzima? Na mtu hapo juu alisema tupunguze presha.

---

DadaCarolina

Timu kubwa zote ziko hivyo kaka, ni vile tu huwa haifiki zamu ya huyo wa tatu.

Na naomba Edwards tusimfanye yai. Ametoka Camden hapa jirani. Watu wa huku wamemwona tangu sekondari akicheza nafasi zote, pamoja na kuwakaba masenta. Staley akimpa dakika tano za nafasi ya tano dhidi ya timu isiyo na senta mkubwa, mwendo wetu utakuwa wa kutisha: Raven, Latson, Tessa, yule mgeni Agot Makeer kutoka Kanada, na Joyce. Hapo nionyeshe senta atakayerudi nyuma kwa wakati.

---

BabaKikapu

Dhidi ya timu isiyo na senta, sawa, nimekubali. Dhidi ya UCLA, hapana. Tumepatana nusu.

---

Jicho la Tatu

Toeni basi kikosi cha kuanza tufunge ubishi, kila mtu chake.

Mimi: Raven, Latson, Tessa, Edwards, Okot. Wa kwanza kutoka benchi mbele ni Dauda.

---

Mwana_Mumias

Hao hao. Ila wa kwanza kutoka benchi hakuna, Madina anacheza 40.

---

Kocha Lake Zone

Hao hao. Wa kwanza Tac, mapema, hata kama Okot hana faulo. Unamwingiza dakika ya sita ya robo ya kwanza wakati mchezo bado haujachemka, apigwe, azoee. Ukimsubiri hadi ahitajike atakuwa baridi.

---

mtoto_wa_Majengo

Na sisi wa huku tunaangalia saa ngapi?

---

DadaCarolina

Mechi ya hapa Columbia ya saa moja usiku kwenu ni saa tisa usiku, tukishabadilisha saa mwanzoni mwa Novemba. Wa kazini asubuhi atafute marudio, na asifungue uzi huu kabla hajayatazama.

---

BabaKikapu

Nitafungua uzi mpya kila mechi. Nitaandika vitu viwili tu kwa anayeamka: Okot ana faulo ngapi kufika mapumziko, na Tac amecheza dakika ngapi. Matokeo mtayakuta kwingine.